Majimbi ya Rangi Katika Nchi ya Bariadi

Wanachama wetu si watu wa kukaa mahali pamoja. Wapo waliobaki na mikarafuu yao, na wapo ambao watoto wao wamevuka bahari wakafungua maduka au kushika kazi bara, wengine mbali kabisa, hata Bariadi katika Mkoa wa Simiyu. Hao wa mbali ndio wanaotuuliza jambo tunalolijibu leo. Je, yale majimbi ya rangi yanayojiotea nyuma ya nyumba zetu huku visiwani, yenye majani mekundu, meupe na ya waridi, yaweza kuota kule kwenye jua kali, ng'ombe na pamba? Jibu letu ni kwamba yaweza, na kwa jambo moja yapata nafuu kuliko huku kwetu. Lakini yana masharti yake, na sharti moja lahusu usalama wa watoto, kwa hiyo hilo tutalieleza kwa kirefu.

Jimbi la chakula halina haja ya kuelezwa kwa mtu wa Pemba. Hili la rangi ni ndugu yake. Jani ni lile lile lenye umbo la moyo, na chini ardhini mna kiazi cha duara, ila jimbi hili halikui sana. Likifika futi mbili limekwisha. Uzuri wake wote umo katika jani. Lina ua, nalo ni kama kidole kilichofunikwa kitambaa cheupe, halina la kutazamwa, na mwenye bustani hulikata mapema ili nguvu zirudi kwenye majani na kiazi. Wenye elimu ya mimea huliita kaladiamu, jina lililotokana na neno la Kimalai, keladi, ambalo maana yake ni jimbi. Sisi watu wa karafuu jambo hili latuchekesha kidogo. Karafuu yetu asili yake ni Maluku, pande zile zile za Wamalai, lakini mmea huu wenye jina la Kimalai hautoki huko hata kidogo. Umetoka Amerika ya Kusini, katika misitu ya mto Amazon.

Aina nyingi tuzionazo leo ni kazi ya mikono ya watu. Katika karne ya 19 Alfred Bleu wa Paris alizalisha aina mpya kwa kuchanganya mbegu, na huko Brazili Adolph Leitze alifanya kadhalika. Mwaka 1893 majimbi ya Leitze yalionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago, na Henry Nehrling akayaona, akayapenda, akayapanda Florida na kuzalisha aina nyingi mno. Leo mji mdogo wa Lake Placid, huko huko Florida, ndio unaotoa karibu viazi vyote vya mmea huu vinavyouzwa duniani. Hatutaji habari hizi kwa kujaza ukurasa. Huko Lake Placid viazi hung'olewa wakati wa baridi, hukaushwa, na hukaa ghalani vikavu kabisa miezi kadhaa bila tone la maji. Havifi. Vimelala tu, na vikipata joto na unyevu huamka.

Hapo ndipo Bariadi inapopata nafuu yake. Pemba hupata mvua kama inchi 70 kwa mwaka au zaidi, na hata kiangazi hakikosi manyunyu. Kiazi cha jimbi la rangi chataka kulala, nasi twakinyima usingizi. Mvua ndogo hukiamsha kabla ya wakati, hutoa jani moja dhaifu, na kisha maji yakituama huoza. Wengi wetu tumepata kuona jimbi zuri sana la mwaka jana limepotea bila ya kujua limekwenda wapi. Simiyu mambo ni mengine. Mvua zake ni kati ya inchi 24 na 36 kwa mwaka, huanza mnamo Oktoba au Novemba na kwisha Mei, na kuanzia Juni mpaka Septemba nchi hukauka hata udongo mweusi wa mabondeni hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Miezi hiyo minne, ambayo mgeni wa kutoka visiwani huiona adhabu, kwa kiazi hiki ni kitanda.

Basi si ukavu unaolishinda jimbi la rangi Bariadi. Kinacholishinda ni jua. Mji wenyewe uko zaidi ya futi 4,000 juu ya usawa wa bahari, mbingu zake ni wazi, na jani la jimbi lililozoea kukaa chini ya mkarafuu na mwembe laweza kuungua kwa siku moja likabaki kama karatasi iliyopitishwa juu ya taa. Kwa hiyo twamwambia kila anayeuliza: tafuta kivuli kwanza, kisha tafuta kiazi.

Na kivuli katika nchi ile kina historia yake. Sehemu kubwa ya nchi ya Wasukuma ilifyekwa miti katika karne iliyopita, kwanza kwa kuwafukuza mbung'o, kisha kwa kupanua mashamba ya pamba na kwa kuni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Mradi ule ulifanya jambo la busara, nalo ni kuwarudia wenyeji na desturi yao ya ngitili, ambapo mtu au kijiji hutenga kipande cha malisho wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wakati wa kiangazi. Katika vipande hivyo visiki vya zamani vilichipua vyenyewe, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimeenea zaidi ya hekta 300,000. Mgeni asije akaona kijimsitu cha ngitili akadhani ni pori lisilo na mwenyewe, akaingia kupanda maua yake humo. Kina wenyewe na kina kanuni zake.

Kivuli cha kufaa ni cha nyumbani. Mwarobaini upo katika miji mingi ya huko, na mwembe kadhalika, na mjohoro. Kati ya hiyo, sisi twapenda mwarobaini kwa sababu majani yake ni madogo na hupitisha mwanga uliochujwa, kama chekeche. Chini ya mwembe mkubwa giza huzidi, na jimbi huishi lakini rangi hufifia. Ubaya wa mwarobaini ni mizizi yake, ambayo hunyang'anya maji yote. Dawa yake ni kutopanda ardhini: chukua ndoo iliyopasuka, dumu lililokatwa nusu au chungu kibovu, toboa matundu chini, na ukiweke chombo juu ya mawe mawili ili mizizi ya mti isiingie.

Asiye na mti ana ukuta wa nyumba. Upande wa macheo hupata jua la asubuhi, ambalo halina ukali, na kuanzia saa sita kivuli cha nyumba huufunika. Upande wa machweo haufai kabisa. Na asiyekuwa na mti wala ukuta mzuri ajenge kitalu, kama tunavyowafunikia miche ya karafuu kwa makuti. Makuti Bariadi hayapatikani, lakini mabua ya mtama na mahindi yapo. Yapangwe juu ya fito, yaachane kiasi cha kidole ili mwanga upenye. Twaonya mambo mawili. Mchwa wa huko hawachezi, basi nguzo zipakwe oili chafu chini au zisimamishwe juu ya mawe. Na wakati wa kiangazi mabua ni chakula cha ng'ombe. Usishangae ukiamka ukakuta paa la kitalu chako limeliwa, wala usigombane na jirani kwa ajili hiyo. Toa viazi kabla ya Juni na mabua umpe.

Sasa udongo. Wasukuma wana majina ya udongo wao na ni vizuri kuyajua, maana mwenyeji akikuambia jina amekwisha kukuambia tabia yake. Mbuga ni ule mweusi mzito wa mabondeni, wenye rutuba nyingi, unaofaa mpunga na pamba. Ukilowa huwa kama gundi, ukikauka huwa kama jiwe, na kiazi cha jimbi kikiwekwa humo huoza katika mvua ya kwanza kubwa. Luseni ni udongo wa mchanga wa miinukoni, hupitisha maji upesi na hauna nguvu. Sisi twachagua luseni, kisha twautia nguvu wenyewe. Sehemu mbili za luseni na sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, hiyo yatosha. Samadi mbichi huunguza. Simiyu ndiko pamba nyingi ya nchi hii itokako, na viwanda vya kuchambua na kukamua mbegu hutoa mashudu. Konzi moja ya mashudu yaliyoozeshwa kwa kila chombo ni mbolea nzuri, lakini mfugaji atakwambia mashudu ni ya ng'ombe, naye ana haki. Samadi itoshe.

Kupanda ni Oktoba mwishoni au Novemba, mvua zikianza na joto likiwa lipo. Tazama kiazi vizuri. Upande mmja una macho, yaani vidutu vya kuchipua, na mara nyingi katikati pana jicho kubwa kupita mengine. Macho yaelekee juu. Fukia kiasi cha inchi mbili tu. Mwenye haraka atasumbuka, kwani jimbi hili laweza kukaa wiki tatu mpaka nane kabla ya kutoa kichwa, na watu wengi hulifukua kutazama kama limekufa na kwa kufanya hivyo hulivunja chipukizi. Lipe unyevu kidogo tu mpaka lichomoze, kisha maji yaongezwe. Kutoka kiazi hadi kiazi iwe inchi nane au kumi.

Akitaka majani mengi, ang'oe lile jicho kubwa la katikati kwa ncha ya kisu kabla ya kupanda. Macho madogo ya pembeni yataamka yote pamoja, na badala ya majani matatu makubwa atapata kichaka cha majani madogo. Akitaka kuzidisha mbegu, akate kiazi vipande, kila kipande na jicho lake, apake majivu penye jeraha na aviache kivulini siku mbili tatu vikauke ndipo apande. Meupe ndiyo yanayoungua upesi zaidi kwa jua. Yale yenye majani membamba na mazito huvumilia. Anayejaribu mara ya kwanza asianze na meupe.

Tufike kwenye maji, na hapa tuseme waziwazi maana tumesikia maneno. Kuna waliosema kwamba ni aibu kumwagilia ua mahali ambapo maji huchotwa kwa ndoo kichwani. Sisi twakubaliana nao nusu. Katika nyumba ambayo mtoto wa kike hutembea mwendo mrefu kwenda kisimani au mtoni, maji safi ya kunywa na kupikia hayafai kutiwa katika jimbi la rangi, na mwenye kufanya hivyo anajipamba kwa mgongo wa mwingine. Lakini maji yaliyooshea mchele, maji yaliyooshea mboga, na maji ya mvua yaliyochuruzika kwenye bati yakakingwa, hayo ni halali yake. Vyombo vinne au vitano vyatosheka na hayo. Maji ya sabuni nyingi ya kufulia yasitumike. Na kwa kuwa jimbi hupandwa mvua zinapoanza na kung'olewa zinapokwisha, kazi kubwa ya kumwagilia hufanywa na mbingu. Tatizo ni zile wiki kavu za Januari na Februari katikati ya misimu, na hizo ndizo za kuwekea akiba ya maji ya mchele.

Mwezi wa Mei majani huanza kuwa manjano na kulala chini. Usilie wala usiongeze maji. Acha kumwagilia, ngoja majani yakauke, kisha chimba taratibu kwa mkono au kijiti. Viazi vianikwe kivulini juu ya mkeka wiki nzima, udongo uliokauka upukutishwe, na majani makavu yaondolewe. Chenye kidonda au kilicholainika kitupwe hapo hapo. Vilivyobaki viwekwe katika kikapu, tabaka la pumba za mpunga na tabaka la viazi, visigusane. Mfuko wa plastiki haufai. Kiazi hutoa jasho humo na kuoza. Kikapu kisiwekwe juu ya sakafu ya saruji, kwani usiku wa Juni na Julai Bariadi ni wa baridi kuliko mgeni anavyotazamia, na kiazi hiki hakipendi baridi hata kikiwa usingizini. Kitundikwe darini karibu na jiko. Kila mwezi bonyeza kimoja kimoja. Kigumu ni kizima. Nane Nane huwa Agosti, viazi vikiwa bado vimelala, na atakayeviona vikiuzwa asiogope kununua kitu kisicho na jani. Hicho ndicho chema, maana chenye majani mwezi ule kimelazimishwa.

Sasa lile sharti tuliloliahidi. Mmea huu wote, jani, kikonyo na kiazi, una chembe ndogo ndogo kali mfano wa sindano, zisizoonekana kwa macho. Ni zile zile zinazotuwasha mikono tukimenya majimbi mabichi. Jimbi la chakula tumelizoea na twajua kulipika mpaka muwasho utoke. Jimbi la rangi si chakula, na kulipika si njia ya kulifanya kuwa chakula. Mtu akilitafuna, mdomo na ulimi huwaka moto papo hapo, midomo huvimba, mate hutoka, na koo likivimba pumzi huweza kuzuiwa. Mbuzi na ng'ombe nao hudhurika.

Nyumbani Pemba hatari hii ni ndogo kwa sababu kila mtoto hujua lipi la kula na lipi la kutazama. Bariadi si hivyo. Huko chakula cha akiba ni viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe na matobolwa, na mtoto aliyelelewa akiokota kipande kikavu ghalani na kukitafuna hana sababu ya kukiogopa kiazi kikavu kingine alichokikuta kikapuni. Na sisi tumekwisha kusema kiwekwe ndani ya nyumba, darini, katika pumba! Ndiyo sababu twasisitiza. Kikapu kisikae ghala moja na michembe, hata usiku mmoja. Kifungwe kwa kamba, kipakwe rangi au kufungwa kitambaa chekundu, na kila mtu wa nyumba aambiwe, pamoja na wageni na mchunga ng'ombe. Ikitokea bahati mbaya, mtoto asukutuliwe mdomo kwa maji au maziwa baridi, asilazimishwe kutapika, na akionekana kuvimba au kuhema kwa shida apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mmea kichukuliwe ili mganga akione. Vyombo vya bustani vizungushiwe ua. Minyaa wanayozungushia miji huko huzuia mbuzi vizuri, lakini utomvu wake mweupe nao ni adui wa macho, basi apunguzaye matawi ajihadhari. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, ushauri wetu ni ingoje mwaka mmoja au miwili.

Anayetaka kitu kisicho na taabu nyingi hivyo, awe na habari ya mmea mmoja wa kwetu. Uko katika misitu mikavu ya mwambao huu, tangu Kenya kupita Tanganyika na Zanzibar mpaka Afrika ya Kusini, wenye vikonyo vinene na vijani vya kung'aa kama vilivyopakwa mafuta, na chini una viazi vya kuwekea maji. Mwaka 1829 Mwingereza Loddiges aliuandika vitabuni akauita kaladiamu, akidhani ni wa ukoo huo huo wa karibu. Baadaye ukapewa jina lake, zamiokulkasi. Tangu mwaka 1996 wakulima wa Uholanzi waliupanda kwa wingi kwa biashara, na sasa umejaa maofisini duniani kote. Rangi hauna ila kijani, nao pia hautafunwi. Lakini hustahimili kiu ya wiki nyingi na giza la pembeni mwa chumba, na mwenye duka Bariadi aweza kuuweka nyuma ya kaunta akausahau.

Wenye kuwapelekea jamaa zao viazi wavitume kati ya Julai na Septemba, vikiwa vimelala. Vioshwe udongo wote utoke, kwa sababu udongo huchukua minyoo midogo inayofanya mizizi iwe na vifundo. Wakulima wa Florida huwaua minyoo hao kwa kuvitumbukiza viazi vilivyolala katika maji ya moto wa digrii 50 za Selsiasi kwa dakika 30, na mwenye kipimajoto cha kuaminika aweza kufanya hivyo; asiye nacho asikisie, atapika mbegu yake. Kisha vikaushwe kabisa. Kabla ya kuvuka bahari vionyeshwe kwa maafisa wa afya ya mimea bandarini, wala mtu asivifiche katikati ya nguo. Vifungwe katika pakacha dogo lenye makumbi makavu, si plastiki, maana safari ya boti na basi mpaka Bariadi ni ya siku kadhaa na buti la basi ni joto. Na juu ya pakacha paandikwe kwa herufi kubwa, na kwa wino usiofutika: MBEGU YA MAUA, SI CHAKULA.